Tanzia ya Nahodha wa Mlango B

Kila Alhamisi, saa mbili kasoro robo usiku, Gancho Merdjanov alikuwa akitoka nyumbani kwake ghorofa ya pili, akifunga kitasa mara mbili, na kupanda ngazi hadi ghorofa ya nne akiwa na ndara za nyumbani miguuni. Kwapani alibeba mto wake mwenyewe, kwa sababu viti vya Neda Pashkulova vilimuumiza kiuno. Mkononi alishika mfuko wa mbegu za alizeti, kwa sababu mbegu za Neda hazikuwa na chumvi ya kutosha. Chai hakubeba. Chai ya Neda ilikuwa nzuri.

Gancho alikuwa na televisheni yake, lakini ilikuwa ya zamani na ilionyesha anga yote kwa rangi ya kijani. Mtu hawezi kuwa mfuasi wa kweli wa tamthilia ya Mzingo wa Mbali huku nyota zake zina rangi ya sabuni. Neda, mjane wa miaka sabini na minane ambaye jengo zima lilimwita shangazi, alikuwa na televisheni pana kama mlango wa kabati, aliyonunuliwa na binti yake Rumyana, ambaye yuko Valencia akitunza wazee wa watu wengine. Neda mwenyewe aliitumia kuangalia kama kesho kuna mvua.

Hapa mjini Lom kila jengo lina milango mitatu au minne, na kila mlango una ngazi zake, lifti yake, ugomvi wake na msimamizi wake. Gancho alikuwa msimamizi wa Mlango B. Maisha yake yote alisoma mita za maji, na alipostaafu alijichongeshea muhuri wa mviringo. Akaweka sheria kwamba karatasi yoyote isiyo na muhuri huo haibandikwi kwenye mlango wa jengo wala kwenye ubao ulio karibu na lifti. Sheria hiyo aliitunga ili kupambana na watu wa matangazo ya pizza. Watu wa pizza hawakuijua, wakaendelea kubandika. Sisi tuliijua, tukaifuata.

Ubaoni, kati ya taarifa ya kukatwa maji na orodha ya zamu za kupiga deki, Gancho alibandika kila Ijumaa asubuhi maoni yake kuhusu sehemu ya jana. Aliyaandika kwa mashine ya kuchapa.

“Sehemu ya tatu. Nahodha Helvar amefanya vyema kutomwamini daktari. Mimi nilisema tangu mwanzo, na mashahidi ninao.”

“Sehemu ya sita. Meli yenye injini nne haigeuki namna ile. Waandishi watuheshimu.”

Tuliyasoma tukisubiri lifti, na kwa kuwa lifti yetu ni ya kusubiriwa kweli, tuliyasoma vizuri. Wengi wetu hatukuwa tumeiona hata sehemu moja, ila kuhusu yule daktari tulikuwa na msimamo mkali.

Neda alikuwa na kosa moja tu, nalo ni maswali.

“Huyu ndiye yule waliyemfungia kwenye jokofu?”

“Sss, shangazi Neda.”

“Sasa mbona leo ana ndevu?”

“Huyo ni mwingine.”

“Na mke wake anajua yuko huko?”

“Hana mke. Yuko angani. Kunywa chai yako, mama yangu.”

Neda alikufa mwezi wa Machi, katika dakika ya ishirini ya sehemu ya tisa, akiwa ameketi kwenye kiti chake na kikombe mapajani. Hakutoa sauti. Gancho hakugeuka. Saa tatu, majina ya waigizaji yalipoanza kupanda kwenye kioo, alijinyosha, akachukua mto wake, akamwaga maganda ya alizeti kwenye sinki, akasema lala salama, akashuka. Kesho yake ubaoni palikuwa na karatasi yenye muhuri.

“Sehemu ya tisa. Bora kuliko zote. Kwa mara ya kwanza nimeweza kufuatilia mazungumzo yote bila kukatizwa. Waandishi waendelee hivi hivi.”

Alhamisi iliyofuata Neda alimfungulia mlango kama kawaida. Uso wake ulikuwa umepauka kidogo na mikono yake ilikuwa ya baridi, lakini chai ilikuwa ya moto. Alimwacha Gancho apange mto wake kwanza.

“Gancho, mwanangu,” alisema, “mimi nilikufa Alhamisi iliyopita.”

“Saa ngapi?”

“Yule mwenye ndevu alipokuwa anafungua mlango wa meli.”

“Ah! Basi ulikosa sehemu yenyewe tamu,” Gancho alisema, akaongeza sauti ya televisheni.

Inafaa ieleweke kwamba kwetu mtu hafi kwa kukata roho tu. Anakufa pale tanzia yake inapobandikwa: picha, jina, miaka, maneno mawili matatu ya uchungu, na chini kabisa jina la mwenye huzuni. Karatasi moja hukaa kwenye mlango wa jengo, moja kwenye kituo cha basi, moja kwenye mti ulio mbele ya duka la mikate. Kabla ya hapo mtu huyo hajafa. Hajisikii vizuri tu.

Neda aliyajua hayo, na hakuwa mtu wa kukaa akisubiri kufanyiwa. Jumatatu alikwenda kwenye duka la majeneza, ambako ndiko wanakochapa tanzia, akiwa na picha yake aliyopigwa harusini kwa Rumyana. Msichana wa dukani aliipokea vizuri, akaandika jina na miaka, kisha akafika kwenye mstari wa mwisho.

“Mwenye huzuni ni nani?”

“Andika mimi mwenyewe.”

“Marehemu hawezi kujihuzunikia, mama. Lazima awe mtu aliye hai, aje asaini.”

Neda alimpigia simu Rumyana huko Valencia. Rumyana alikuwa anamlisha supu mzee wa Kihispania na simu ameibana kwa bega.

“Nimekufa, mwanangu. Nahitaji saini yako tu.”

“Mama, si unaongea?”

“Naongea, lakini nimekufa.”

“Basi kama unaongea, tuongee vizuri Jumapili. Sasa hivi huyu mzee anatema supu.”

Padri naye alimwambia waziwazi kwamba kengele hawezi kumpigia mtu ambaye mlangoni kwake hakuna kitu. Yeye mwenyewe amepita jana na ameona tangazo la pizza tu. Mwisho Neda alipanda basi hadi makaburini. Kaburi la mumewe Kiril ni la watu wawili, na tangu Kiril azikwe miaka saba iliyopita, jina la Neda limechongwa kwenye jiwe pembeni ya lake: mwaka wa kuzaliwa, kistari, halafu nafasi tupu. Aligonga. Kiril alimjibu kutoka chini kwamba amemkosa mno, na kwamba upande wake ameuacha wazi na kuusafisha. Lakini kumpokea hivi hivi, bila karatasi, majirani wa makaburini wangesema nini? Hawa watu wa kushoto, alisema, wana midomo.

“Leta karatasi, Neda wangu,” Kiril alisema. “Hata leo jioni. Mimi nipo.”

Neda alirudi na basi la saa kumi. Alimtaka Kiril kuliko alivyowahi kumtaka alipokuwa msichana, na hakuona haya kulisema hilo kwenye ngazi. Mtu aliye hai, mwenye muhuri na mwenye kumjua, alikuwa mmoja tu. Alhamisi hiyo alimwambia kila kitu Gancho kabla tamthilia haijaanza.

Gancho alitafakari. Alijua vizuri jinsi mambo yanavyokwenda: tanzia ikishabandikwa, Neda ataondoka, Neda akishaondoka, Rumyana atamtuma mtu wa kuuza nyumba, na mtu wa kuuza nyumba huanza na televisheni.

“Shangazi Neda, nakwambia kama mama yangu. Msimu una sehemu kumi na tatu. Zimebaki tatu. Zikiisha tu, siku ya pili yake nakwenda kusaini.”

“Kweli, mwanangu?”

“Nimewahi kukudanganya?”

Neda akasubiri. Sisi wengine tulijua, maana katika Mlango B hata mtu akibadilisha mapazia inajulikana. Tulisema ni kazi ya msimamizi. Msimamizi alisema hasa hasa ni kazi ya familia. Familia ilikuwa imesema mama anaongea. Zamu ya Neda ya kupiga deki ilipofika, alipiga deki, na kuna waliosema kwamba tangu afe anasugua vizuri zaidi.

Katika sehemu ya kumi na tatu Nahodha Helvar aliuawa. Alibaki nyuma kushikilia mlango ili wenzake wapite, na daktari (yule yule) akabonyeza kitufe. Gancho alisimama, akaketi, akasimama tena. Mbegu zilimwagika kwenye zulia. Alilia kwa sauti, kifua kikimpanda na kushuka, na Neda akamletea maji na kumpangusa kwa ncha ya aproni yake.

“Pole, mwanangu. Pole. Alikuwa mtu wako.”

“Alikuwa na miaka arobaini na minne tu, shangazi!”

Kesho yake saa mbili asubuhi, duka la majeneza lilipofunguliwa, Gancho alikuwa mlangoni amevaa tai. Neda alimwona kutoka dirishani akiondoka, akaenda kupiga pasi gauni lake la bluu.

Saa nne tanzia ilikuwa imebandikwa, na muhuri umegongwa kwenye kona.

“Kwa uchungu usio na kifani tunawajulisha kwamba nahodha wetu mpendwa HELVAR, miaka 44, ametutoka ghafla akiwa kazini, kwenye mzingo wa sayari ya sita. Hatutakusahau. Wenye huzuni: wakazi wote wa Mlango B.”

Picha aliikata kwenye jarida la vipindi. Kitambaa cheusi alikifunga kwenye mshikio wa mlango, akapeleka karatasi ya pili kituo cha basi na ya tatu kwenye mti wa duka la mikate. Ndani ya duka hilo anauza Snezhana Burova, anayeishi ghorofa ya chini kwenye mlango wetu, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika hata siku ya Pasaka. Alitoka na unga mikononi.

“Gancho! Huyu amekuzaa au umemzaa?”

“Heshimu msiba, Snezhana.”

“Msiba gani? Mama wa watu yuko ghorofa ya nne mwezi wa pili huu, baridi kama bomba la maji, anakuchemshia chai, humwoni. Umehuzunika na mtu wa kwenye kioo!”

“Usichanganye mambo,” Gancho alisema kwa upole, akilainisha kona ya karatasi kwa kidole gumba. “Shangazi Neda namwona kila Alhamisi. Huyu sitamwona tena.”

Hapo alikosea, na kosa lake lilikuwa pale pale kwenye karatasi. Aliandika kwamba wenye huzuni ni wakazi wote wa Mlango B, na marehemu, kama kila mtu anavyojua, hukaa siku arobaini karibu na wenye huzuni wake. Jumamosi adhuhuri Nahodha Helvar aliingia na kupanda ngazi kwa miguu, kwani lifti ilikuwa imekwama. Buti zake ziliacha vumbi la rangi ya fedha. Snezhana alimrudisha chini akajifute.

Hatukuwa na neno naye. Alikuwa mtu mrefu, mwenye adabu, na kovu lake lilikuwa upande ule ule. Sauti yake ilikuwa ya yule mwigizaji wetu anayeingiza maneno ya lugha yetu kwenye tamthilia za kigeni, ambaye humfanyia pia daktari na majitu ya barafu. Midomo ilitangulia, maneno yakafuata baada ya sekunde moja, kwa hiyo tulizoea kumsubiri amalize mara mbili. Tatizo lilikuwa ni mahali pa kumweka. Waliokuwa na nafasi walikuwa na wageni, na wasio na wageni walikuwa karibu kuwapata. Gancho mwenyewe alisema moyo wake hautaweza kuhimili. Ikaamuliwa akae kwa Neda, kwa kuwa wote wawili wamekufa na hawatakosa la kuzungumza.

Neda alimtandikia sebuleni. Akamwekea supu, ambayo nahodha aliitazama tu.

“Hupendi supu, baba?”

“Sijui,” alisema nahodha. “Sijawahi kuonyeshwa nikila.”

“Mama yako yu hai?”

“Hawakuandika.”

Neda alimhurumia sana. Alikaa naye jioni nyingi akimwonyesha picha za Kiril, na nahodha alizishika kwa ncha za vidole, akizirudisha moja moja. Alitaka kujua kwa nini Neda hajaondoka. Neda alimweleza habari ya mstari wa mwisho. Nahodha alisimama, akavuta koti lake chini kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akifanya kabla ya kila vita, akashuka hadi ghorofa ya pili.

Gancho alifungua, akamwona. Alimwambia aingie. Alimwambia kwamba amemfuata tangu dakika ya kwanza ya sehemu ya kwanza, na kwamba ile hotuba ya sehemu ya saba anaijua kwa moyo. Alianza kuisema. Nahodha alimsubiri amalize.

“Yule mama wa juu anahitaji saini yako,” nahodha alisema. “Ni mstari mmoja. Nakuomba.”

Uso wa Gancho ulishuka polepole.

“Unaniomba?”

“Nakuomba.”

“Nahodha Helvar hawezi kuomba,” Gancho alisema. “Samahani, bwana, lakini wewe hujijui kama ninavyokujua mimi.”

Alifunga mlango taratibu, bila ukorofi. Asubuhi ubaoni palikuwa na karatasi mpya.

“Maoni maalumu. Helvar tunayemwona ghorofa ya nne amepotoshwa. Helvar wa kweli hamwombei mtu. Katika sehemu ya nne alimwacha fundi mitambo nje ya meli bila kupepesa jicho, na ndipo tulipompenda. Wanaohusika warekebishe.”

Tuliisoma, na ni kweli, ndipo tulipompenda. Wakati huo sisi sote tulikuwa tumeanza kutazama. Televisheni ilikuwa inarudia msimu wa kwanza kila mchana, na mtu akikaa jengo moja na marehemu, ni haki ajue alikuwa nani. Baadhi yetu tulipanda kwa Neda tukiwa na keki ili tumtazame kwenye kioo naye yuko pembeni. Neda alichemsha chai ya watu kumi na mmoja. Siku ya arobaini ya Neda mwenyewe iliangukia Jumanne katikati ya hayo. Hakuisema. Aliosha mapazia, akayaanika, akakaa nayo kwenye roshani mpaka yakakauka.

Mwishoni mwa Mei ilifika siku ya arobaini ya nahodha. Hapo lazima iwepo ngano ya kuchemsha yenye sukari na zabibu kavu, na katika mlango wetu mtu anayeijulia ngano ni Neda peke yake, maana inataka uikoroge tangu alfajiri isishike chini. Aliikoroga. Tulisimama uani na vijiko, tukasema Mungu amsamehe, na Gancho akasoma hotuba ya sehemu ya saba. Nahodha aliaga kila mmoja. Kwa Neda alisimama zaidi. Midomo yake ilicheza, kisha ikaja sauti ikisema kwamba anasikitika, kwamba yeye hana namna, kwani kila alilowahi kulifanya aliandikiwa. Akatembea kuelekea mabomba ya moshi ya kiwanda cha zamani, akapungua, akaisha. Neda akakusanya vijiko vyetu akaenda kuviosha.

“Sasa, mwanangu?” alimuuliza Gancho jioni hiyo. “Msimu umekwisha, arobaini imekwisha.”

“Sasa ndiyo, shangazi. Wala usiwe na wasiwasi.” Kisha akamwambia kwamba wametangaza msimu wa pili, unaanza Alhamisi ijayo, na kwamba itakuwa vibaya kuondoka bila kujua yule daktari alifanywa nini.

Wa kwanza kuishiwa uvumilivu alikuwa Snezhana. Alhamisi hiyo, saa moja na nusu, aliporudi kutoka dukani, alichukua karatasi ya kufungia mikate, akaandika kwa kalamu ya bluu: “NEDA PASHKULOVA, miaka 78. Ametutoka Machi. Alikuwa jirani mwema. Mwenye huzuni: Snezhana.” Picha hakuwa nayo, akachora ua. Akaibandika kwenye mlango wa jengo kwa selotepu ya dukani.

Ghorofa ya nne, Neda aliihisi papo hapo, kama mtu anavyohisi kiatu kikivuliwa. Alizima gesi. Alivaa gauni la bluu na koti juu yake, akachukua mkoba wake, ambamo aliweka miwani ya kusomea ya Kiril aliyoisahau hospitalini. Akaanza kushuka. Tulifungua milango yetu. Jua la Juni lilikuwa bado kwenye vioo vya ngazi, na Neda alikuwa mwepesi, hakushika hata mbao za kushikilia za pembeni.

“Safari njema, shangazi Neda.”

“Msalimie Kiril!”

“Mwambie mama yangu, kama uko karibu naye, kwamba ule mtini umezaa.”

“Nitamwambia,” Neda alisema. “Nitawaambia wote. Ahsanteni, ahsanteni.”

Alicheka. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kumwona akicheka mpaka meno yaonekane.

Gancho alikuwa ametoka kununua mbegu. Alifika mlangoni saa mbili kasoro dakika kumi, akaiona karatasi, akavaa miwani. Aliisoma yote. Aliangalia kona, hakuona muhuri. Aliangalia wino.

“Kalamu ya bluu,” alisema.

“Gancho, niache na bluu yangu,” Snezhana alisema akiwa amesimama kwenye mlango wa nyumba yake. “Weka mkono wako mfukoni. Mama anashuka.”

“Sheria ni moja kwa wote. Leo wewe, kesho watu wa pizza.”

Akaibandua. Aliibandua kwa uangalifu, kona baada ya kona, asiharibu rangi ya mlango, akaikunja mara nne na kuitia kwenye mfuko wa shati. Neda alikuwa amebakiza ngazi saba. Miguu yake ilisimama. Alitazama chini kuona kama amekanyaga kitu.

“Shangazi Neda, unakwenda wapi saa hizi?” Gancho alimwita kwa furaha kutoka chini. “Zimebaki dakika kumi!”

Snezhana alimtukana Gancho, yeye na muhuri wake na mama wa aliyeuchonga. Akasema atakwenda mwenyewe kesho duka la majeneza kusaini, awe ndugu asiwe ndugu. Gancho alimjibu kwamba hapana haja ya kwenda mbali, atasaini yeye, kwa heshima zote na picha nzuri, msimu huu ukiisha. Sisi wengine tulikuwa ngazini. Tuliona aibu, siwezi kusema hatukuona. Ilikuwa aibu ya dakika kumi. Neda alianza kupanda, nasi tukajibana ukutani ili apite, kisha mmoja akasema labda wameshaanza kuonyesha yaliyopita, na milango ikafungwa mmoja mmoja. Hata Snezhana alitazama saa yake, akatazama ngazi, akaingia ndani.

Neda alifungua nyumba, akawasha gesi, akachemsha maji. Gancho alipanga mto wake.

Sehemu ya kwanza ya msimu wa pili ilikuwa nzuri. Hilo lazima lisemwe. Daktari alinaswa. Na katika dakika ya thelathini na tano, kwenye chumba cheupe ambacho hakuna aliyekitarajia, mfuniko wa kioo ulifunguka na Nahodha Helvar akaketi, akavuta pumzi, yu hai. Jengo zima lilipiga ukelele. Vyombo vilitikisika kwenye makabati ya ghorofa ya tatu. Gancho alipiga magoti kwenye zulia, machozi yanamtiririka mpaka kwenye masharubu, akaushika mkono wa baridi wa Neda kwa mikono yake yote miwili.

“Umeona, shangazi Neda?” alisema. “Wamemhurumia.”

Neda alikuwa bado amevaa koti, na mkoba ulikuwa magotini pake. Alisema ameona.